Nyumba Nyeupe, Mlango wa Kijani

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeamua. Nyumba itauzwa kabla ya mwezi kwisha! Binti yetu Exaucée amejifungua mapacha huko Lubumbashi, na mke wangu Béthanie hana habari nyingine mdomoni. Anasema iuzwe isiuzwe, wiki ijayo anapanda treni. Mimi nataka kwenda naye, lakini babu hafiki mikono mitupu, na fedha yangu ni nyumba hii. Nataka kuwapakata wale watoto, mmoja kila mkono. Nimekuwa karani miaka thelathini na sijawahi kutaka kitu namna hii.

Mnunuzi yupo. Mzee Yassini, mfanyabiashara wa samaki wakavu wa Kinkondja, anatafuta nyumba kwenye avenyu yetu. Atapita Jumatatu ijayo. Shida ni jirani yangu Théo, ambaye naye anauza. Mwalimu mstaafu, kiongozi wa kwaya, mtu asiye na kasoro hata moja. Simpendi kabisa.

Béthanie anataka tutengeneze paa la chumba cha kulala, linavuja. Mabati sita ameshanunua kwa jasho la mandazi yake, yamelazwa nyuma ya jiko. Nimemweleza kwamba mnunuzi hatembei juu ya paa. Amerudi kwenye unga wake.

Jumanne, 7 Oktoba

Théo amepaka nyumba yake chokaa. Nyeupe pe. Basi nami nimepaka yangu nyeupe, kwa mkono wangu. Mbele tu, maana mnunuzi hutokea mbele. Ukisimama katikati ya barabara bila kugeuza shingo, ni nyumba ya mkurugenzi. Ukigeuza shingo, ni matofali.

Chokaa imeniingia jichoni. Nimepiga kelele. Théo amekuja mbio na maji safi na kitambaa, akaniosha mwenyewe. Anajua kunidhalilisha, yule!

Jumatano, 8 Oktoba

Msiba. Théo amesimamisha mlango mkubwa wa chuma, wa kijani. Wapita njia wanasimama kuutazama. Nimekosa hamu ya kula.

Saa nane nikaenda sokoni kwa fundi wa kuchomelea. Ana mlango mwingine wa namna ile ile, kijani kile kile. Hataki pesa, anataka mabati. Mabati! Nilikuwa nayo sita. Béthanie alikuwa kwenye maombi ya akina mama, kwa hiyo hapakuwa na wa kunichelewesha. Biashara ya akili.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mlango umesimama. Nimeusogelea mara kumi kuugusa. Kasoro moja ndogo: hatuna ukuta. Kulia kwake wazi, kushoto wazi. Mbuzi wanapita kando. Pasta naye alikuja kusalimu akapita kando, nikamrudisha aingie mlangoni kama mtu wa heshima.

Béthanie aliufungua, akaufunga, akaenda nyuma ya jiko. Akarudi.

“Baba Exaucée, mabati yangu iko wapi?”

Nikamwambia ameyafungua na kuyafunga sasa hivi. Hakucheka. Mchana mvua imenyesha na tumepanga sufuria tatu kitandani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wazo limenijia nikinyoa, nusura nikate sikio. Ni kubwa.

Hapa kwetu ndugu wakigombania nyumba ya urithi, mmoja wao huandika ukutani: HII PARCELLE HAIUZISHWE. Mnunuzi mwenye akili akisoma kwamba kiwanja hakiuzwi habishi hodi. Anapita, maana anajua ndani kuna shangazi na kesi. Sasa, maneno hayo yakionekana kwenye ukuta wa Théo asubuhi ya Jumatatu, Mzee Yassini atapita hadi kwa nani? Kwangu!

Nimempata mwandishi wa vibao kule sokoni, kijana wa mtaa mwingine anayeitwa Lumbala. Yeye husali Jumamosi, kwa hiyo Jumapili ana nafasi. Amenipa miadi ya kesho saa nne, wakati avenyu nzima iko kanisani. Rangi ya mafuta, nyekundu, isiyotoka. Jina la mwenye nyumba sikumtajia, mimi si mjinga. Nimemwambia tu: nyumba nyeupe, mlango wa kijani.

Jumapili, 12 Oktoba

Ibada nzuri sana. Nimeimba. Nimeshiriki kitabu cha nyimbo na Théo, nimempa mkono, nimemuuliza afya. Nilijihisi mwepesi hadi pasta akanisifu kwa uso wa furaha.

Halafu tukarudi nyumbani. Ukutani kwangu! Herufi ndefu kama mkono wangu, zimenyooka, zina hata kivuli pembeni. HII PARCELLE HAIUZISHWE. NI YA FAMILIA.

Nikamkimbilia Lumbala. Alikuwa anakula. Hakuelewa kosa liko wapi.

“Papa, si weye mwenyewe ulisema nyumba ya mweupe, mulango ya kijani? Njo hii ya kwanza niliona. Na maneno hii, kila muntu anaagizaka kwa nyumba yao. Nani anatumaka fundi kwa nyumba ya bengine?”

Mkewe alikuwa anasikiliza, nikawatakia chakula chema. Nimerudi, nimepaka chokaa mara tatu. Wekundu unajitokeza kila inapokauka. Béthanie aliuliza ni nani aliyeandika. Nikasema wahuni. Akasema wahuni wana mwandiko mzuri.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mzee Yassini alikuja saa tatu, kanzu safi, kofia yake ya Kasongo. Alisimama katikati ya barabara, mahali penyewe kabisa! Hakugeuza shingo. Akasoma ukuta kwa sauti.

Akauliza ni ndugu yangu yupi anayekataza. Nikasema hakuna, warithi wa baba tuko wawili tu, mimi na dada yangu Kasanda wa Kabongo, naye alishatia sahihi ya kukubali tangu Agosti. Akauliza basi nani kaandika. Hapo kichwa kilinichafuka, nikasema niliagiza mimi.

Akavua kofia, akaivaa tena.

“Papa Isaïe, ndugu ya kugombana, miye nabakimbiaka. Lakini muntu wa kugombana na yeye mwenyewe, siyamuona hata siku moja.”

Akaniaga vizuri, akapita kando ya mlango wangu, akaingia kwa Théo. Walikunywa chai hadi adhuhuri.

Jumatano, 15 Oktoba

Kasanda amefika kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Kumbe Théo, kwa wema wake ule, alimtumia picha ya ukuta kwa simu akimuuliza kama familia ina tatizo na kama tunahitaji maombi.

“Yaya,” maana mimi ndiye kaka mkubwa, “nani anakataza?” Nikamjibu hakuna mtu. Akasema huyo Hakuna-mtu hajawahi kuandika ukutani. Kama yupo mmoja katika ukoo anayeipenda nyumba ya baba kiasi hiki, basi yeye Kasanda anaona haya kwa sahihi yake. Akapitisha kiganja juu ya herufi, moja moja, akalia. Kisha akaenda kwa shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu, na kuiondoa sahihi.

Sasa nyumba haiuzwi kweli. Lumbala ameandika ukweli siku tatu kabla ya wakati wake.

Jumamosi, 18 Oktoba

Stesheni. Béthanie amebeba nguo mbili ndogo alizoshona, za manjano. Nilitaka kumweleza yote. Nilianza na chokaa. Akasema anajua, Lumbala hununua mandazi kwake.

“Tengeneza paa, Baba Exaucée. Kisha kuja uone bapasa yako.” Mapacha wangu!

Théo amesafiri kwa treni hiyo hiyo, ameshauza. Ndiye aliyembebea mzigo. Aliniombea pale kwenye jukwaa, macho amefumba, kwa jina langu kamili. Nilipunga mkono hadi behewa la mwisho.

Jumapili, 26 Oktoba

Sufuria zimefika tano. Nahamisha kitanda kila mvua ikianza.

Exaucée alipiga simu, akaweka watoto karibu na sikio la simu. Mmoja alipiga chafya. Sijui ni yupi. Nimelia, nakiri, na sufuria nazo zikilia chini yangu. Nimeahidi nitafika kabla hawajaota meno.

Ndiyo maana nimekaa kufikiri, na kosa nimeliona. Ni rangi! Nyeupe haina nguvu ya kufunika wekundu. Mzee Yassini, ambaye si mtu wa mchezo, ameanza kuipaka nyumba ya Théo bluu. Bluu nzito, inang'aa, watu wanasimama. Nami nitapaka bluu ile ile, herufi zitazama, Kasanda ataona nyumba imekuwa mpya na atatia sahihi tena.

Muuza rangi sokoni anayo. Hataki pesa, anataka mabati. Juu ya paa la jiko kuna manane, yamekaa tu, na Béthanie hayupo, nani atapika? Kesho asubuhi naazima ngazi kwa Mzee Yassini.