Jinsi Haddou wa Bassou Alivyoitiisha Dohani ya Mama Mkwe

Sogeeni, enyi wenye masikio na wenye mablanketi! Acheni kuparuza masahani, nyamazisheni watoto wenu, na yeyote mwenye kikohozi akikohoe sasa hivi, kwa maana habari inayokuja ni nzito na sitaki kukatizwa nikifika penye masizi. Nawasimulia vita vya Haddou mwana wa Bassou, dereva mstaafu wa malori, mpasua theluji za milima ya Atlasi, mfalme asiyepingwa wa meza ya dirishani katika mkahawa wa kijiji cha Ayt Ufella; siku alipopanda juu ya paa la mama mkwe wake kupigana na adui ambaye yeye mwenyewe alimkaribisha, akamlea tangu miti ilipochanua, akampa muda wa kutosha wa kujenga ngome.

Adui huyo alikuwa kiota cha shomoro.

Mwaka ule matufaha yalipokwisha kuvunwa na upepo wa mlimani ukaanza kuuma masikio, Haddou alifungua baraza lake mkahawani kama ilivyokuwa desturi, akanyanyua bilauri ya chai ya mnanaa, akawahutubia watu wa kijiji juu ya elimu ya kuikabili baridi.

"Enyi jamaa zangu, nisikilizeni mimi niliyelala ndani ya lori huku theluji imefika madirishani! Kuni ziingizwe ndani kabla mvua haijazionja. Bomba la maji livikwe magunia kama mtoto mchanga. Unga, mafuta, mishumaa na dawa ya kifua viwekwe mapema, kwani barabara ikifungwa hakuna duka wala daktari. Na dohani! Dohani isafishwe, ndugu zangu! Dohani ikiziba, moshi hugeuka ukarudi ndani kama mgeni aliyesahau fimbo yake, na mgeni huyo huua."

Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Jirani yake Aqqa, mtu mpole anayeamini kila anachoambiwa, alitoka pale moja kwa moja akaenda kuanza kazi. Wengine nao wakafuata. Kijiji kizima kilijifunga kibwebwe kwa ajili ya baridi, isipokuwa nyumba moja, nayo ni ile aliyokuwa akilala mwalimu mwenyewe.

Nyumba hiyo, tuseme ukweli, haikuwa yake. Ilikuwa ya Tuda, mama wa mkewe, bibi mdogo wa mwili aliyepungukiwa pumzi, ambaye tangu Haddou astaafu na kuhamia kwake alikuwa amemwambia maneno machache sana, na mengi kati ya hayo yalikuwa "Mkwe, sogea."

"Baba Izza," mkewe Itto alimwambia, "hiyo dohani utaisafisha lini?"

"Kesho, mke wangu."

"Na kuni? Zimelala uani kama mbuzi wasio na mwenyewe."

Hapo Haddou alisimama, akalikusanya jalaba lake, joho refu la sufu, akanyoosha mkono kuelekea mlimani. "Itto binti wa Tuda! Theluji na mimi tunafahamiana. Tumepishana kwenye miinuko ambayo tai mwenyewe huishukia kwa miguu. Haiwezi ikaja hapa bila kunipa taarifa."

"Haya," alisema Itto. "Ikikupa taarifa, na mimi uniambie."

Basi theluji ikaja, na taarifa haikutoa. Haddou aliamka akasukuma mlango, mlango ukamsukuma yeye. Alipoushinda kwa bega na matusi, akatokea mbele ya uwanja mweupe usio na njia wala ua wala kuni. Akachimba kwa mikono kama mtafuta hazina, akaziibua kuni za mwaloni, zimelowa mpaka kiini. Akafungua bomba, bomba likatoa mlio mdogo kama wa mtu anayesafisha koo ili akatae jambo, kisha likanyamaza. Lakini majemadari wakubwa hawavunjwi moyo na kushindwa mara mbili kabla ya kifungua kinywa. Alizisukumiza kuni zile ndani ya jiko la chuma, akazimwagia mafuta ya taa, akawasha.

Moshi ulipanda, ukafika mahali katika dohani, ukakuta pamefungwa, ukarudi.

Ulirudi wote. Ulijaza chumba, ukameza taa, ukameza rafu ya vyombo, ukamfikia Tuda kwenye godoro lake. Bibi akaanza kukohoa, kikohozi kile kirefu kinachomkunja mtu kama nguo inayokamuliwa. Itto aliumwagia moto theluji ukazimika, akafungua mlango na madirisha, na baridi yote ya Atlasi ikaingia bila kubisha hodi. Sasa kulikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kufa kwa moshi au kufa kwa baridi.

"Mama, simama twende kwa Aqqa," alisema Itto, akimfunika blanketi juu ya blanketi.

Tuda aliinua kidole. "Niliingia humu nikiwa bibi harusi. Nimezaa humu. Mume wangu alitokea mlango ule akiwa amebebwa. Leo nifukuzwe na moshi wa mtu mvivu? Sitoki. Atoke yeye."

Haddou alifungua kinywa ili ahutubie, akamtazama mama mkwe wake, akakifunga. Midomo ya bibi ilikuwa imeanza kuwa ya samawati. Mikono yake, iliyokuwa haitulii, ilikuwa imetulia. Naye Itto, ambaye katika maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kukosa neno la kumchoma, alimtazama tu asiseme kitu. Hapo ndipo bingwa wetu alipoogopa, akaogopa hasa, kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa kwenye miinuko ya tai.

Akatoka. Akautwaa upondo wa kuangulia lozi, mkuki wake. Akavaa sufuria kichwani, kofia yake ya chuma, maana upepo ulikuwa unang'oa vigae vya jirani. Akaiegemeza ngazi ukutani. Na tazama, katikati ya weupe ule akaja mtu amebeba mzigo wa kuni kavu kifuani. Ni Aqqa.

"Kaka Haddou! Nimeona moshi unatokea mlangoni badala ya juu, nikasema labda ni mtindo mpya. Nimewaletea kuni kidogo." Akaweka mzigo chini, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Na nimekuja kukushukuru pia. Kwangu ni joto, wallahi, watoto wanatembea bila soksi! Nilifanya kila ulichosema: kuni ndani, bomba gunia, dohani nikaipitishia ufito mpaka ikang'aa. Kijiji kizima kinakuombea dua. Sasa wewe, mwalimu wetu, unafanya nini na ngazi, na sufuria kichwani?"

Kuna mishale inayopasua ngao, na kuna mishale inayorushwa na mtu asiyejua kwamba ameshika upinde. Haddou aliirekebisha sufuria kichwani.

"Nakagua," alisema.

"Aa. Kukagua ni muhimu," alikubali Aqqa. "Acha nikushikie ngazi."

Akapanda. Paa lilikuwa limevaa barafu chini ya theluji, nalo kila alipokanyaga lilimkataa. Alikwenda kwa magoti, kisha kwa tumbo, jemadari wa kwanza katika historia kuvamia ngome kwa kutumia kitovu. Akaifikia dohani, akaikumbatia, akang'oa kifuniko chake cha bati, akachungulia. Kiota kilikuwa mle ndani, kipana, kimesukwa kwa nyasi, sufu, na utepe mwekundu ambao Itto alikuwa akiutafuta tangu kiangazi. Shomoro wenyewe walikwisha hama zamani. Wao walijiandaa mapema.

"Ewe ngome ya majani!" alinguruma Haddou, meno yakigongana. "Leo ama wewe, ama mimi!"

"Unasemaje?" aliuliza Aqqa kutoka chini.

"Siongei na wewe!"

Akauinua mkuki akauchoma. Kiota kikabonyea, kikarudi. Akauchoma tena; kikaung'ang'ania. Akauvuta, haukutoka, akausukuma, haukuingia, na kutoka ndani ya nyumba, kupitia dohani ile, kikapanda kikohozi cha Tuda, chembamba, kilichobaki kidogo tu kuwa kimya. Haddou aliacha kunguruma. Alisimama wima juu ya barafu, jambo ambalo yeye mwenyewe angewakataza watu wote mkahawani, akauegemea upondo kwa uzito wake wote, chai yote na mikate yote ya miaka ya kustaafu, akasema kwa sauti ndogo, "Tafadhali."

Kiota kikaachia.

Kilishuka na upondo ukashuka nacho, na Haddou, aliyekuwa ameuegemea, akakosa cha kuegemea. Akaanguka juu ya paa, akateleza, akapita kando ya Aqqa kama gunia la unga lililochoka kusubiri, akazama katika theluji ya uani miguu ikiwa juu. Sufuria ilimwokoa kichwa. Upande mwingine wa vita, kiota kilitua ndani ya jiko na masizi ya miaka kadhaa nyuma yake. Na kwa kuwa hakuna aliyemwambia Itto afunge mlango wa jiko, wingu jeusi liliruka chumbani likatulia juu ya unga aliokuwa ameukanda, juu ya mazulia, na juu ya Tuda.

Haddou alitambaa mpaka mlangoni. Akaona kwenye godoro umbo dogo jeusi lisilotikisika.

"Mama," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo bila kuongeza neno mkwe. "Mama, nisamehe."

Umbo lile likafumbua macho mawili meupe.

"Mkwe," lilisema, "funga mlango. Baridi inaingia."

Aqqa akaleta kuni zake kavu. Itto akazipanga, akawasha, nao wote wanne wakaangalia juu. Moshi ulipanda, ukafika pale mahali, ukasita, ukapita. Jiko likavuma. Baada ya muda chuma kikawa chekundu, mikono ya Tuda ikaanza tena kutotulia, na Itto akarudiwa na ulimi wake.

"Kesho imefika, Baba Izza?" aliuliza, huku akimfuta masizi mama yake kwa theluji iliyoyeyuka.

"Imefika," alisema Haddou, naye hakuongeza hotuba yoyote.

Iandikwe basi, na wajukuu wakariri! Yako mataifa yanayohesabu miaka yao tangu falme zilipoanguka na majeshi yalipovuka mito. Ayt Ufella nako kuna tarehe yake. Ng'ombe akizaa, binti akiposwa, watu wakibishana ni mwaka gani daraja lilijengwa, utasikia wakisema mkahawani, "Ilikuwa kidogo tu baada ya Haddou kuanguka."

Haddou, kutoka meza ya dirishani, huwasahihisha kila mara. "Baada ya ushindi wa dohani."

"Ndiyo, ndiyo, mwalimu," humjibu kwa heshima zote, wakimwongezea chai. "Siku hiyohiyo ulipoanguka."