Kiwanja cha Mdogo Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimeficha jambo miaka arobaini na moja, na daktari amenishauri nisiache viporo. Kiwanja anachoishi mdogo wangu kiko kwenye daftari la ardhi kwa jina langu. Usajili ulipoletwa, afisa alieleza mkutanoni kwamba mwenye jina daftarini ndiye mwenye ardhi, karatasi za zamani zitabaki kumbukumbu tu. Nikasimama kumpinga, mimi mchora ramani wa idara hiyohiyo ya ardhi. Nikasema hati ya baba ya kutugawia viwanja, yenye alama ya dole gumba lake, inatosha. Daftari ni mtego. Nilipigiwa makofi, mdogo wangu akipiga kuliko wote. Kesho yake nikasajili vyote viwili, changu na chake. Kiwanja sikukihitaji. Nilitaka tu jina langu lionekane mara mbili.

Jumanne, 4 Machi
Nitarudisha bila kukiri. Karani wa ardhi anasema uhamisho unataka sahihi ya anayepokea. Nimempelekea mdogo wangu fomu, nikamwambia ni ya hospitali. Ameisoma yote. Akauliza tangu lini hospitali inapima mipaka.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu mpya. Nimemwambia nataka kumsajilia kiwanja, mambo yamebadilika. Kakataa katakata. Kanirudishia hotuba yangu neno kwa neno, mpaka pale nilipokohoa. Shemeji akaongeza kwamba hotuba ile iliwafumbua macho. Nimebishana na hoja zangu mwenyewe saa nzima. Nimeshindwa. Zilikuwa hoja nzuri sana.

Ijumaa, 7 Machi
Leo pumzi imekatika mara mbili. Nimemwita, nimemwambia yote. Akauliza, kwa hiyo nyumba aliyolelea wanawe ningeweza kuiuza? Nikasema ndiyo. Na ningekufa kimya? Wanangu wangeirithi. Akasema, "Kaka, wewe ni mtu wa ovyo kabisa. Lete hiyo fomu." Akatia sahihi bila kusoma. Kisha akanitengenezea mto.

Jumatatu, 10 Machi
Daftari limebadilishwa asubuhi. Mdogo wangu kaniambia nipumzike, yamekwisha. Nimelala kama mtoto.

Nakiri moja lililobaki. Ramani iliyoambatishwa kwenye fomu niliichora mwenyewe, kwa mkono huu. Ukanda wa hatua nne, kati ya lango lake na barabara, nimeuacha kwa jina langu.