Jino Lenye Viatu Vyekundu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimehukumiwa. Hakimu: dada yangu mkubwa. Mahakama: meza ya chai. Amesema miezi minane ya kukaa kwake nikijiita mbunifu wa tovuti inatosha. Amesema wateja wawili wamenikimbia. Uongo! Amenikimbia mmoja. Wa pili alihama mji, ingawa dada anadai ni kitu kilekile.

Nimebakiwa na mteja mmoja, daktari wa meno wa mtaa wa nyuma. Akiipokea tovuti yake, kwa barua yenye sahihi, kabla ya Jumamosi, naendelea na fani yangu. Asipoipokea, Jumatatu ijayo naingia kwenye duka la rangi la shemeji, kukoroga ndoo na kubeba ngazi. Shemeji alinitazama mabega tu, kama anayekadiria saizi ya aproni.

Mimi! Kukoroga ndoo! Mtu niliyejiunga na programu ya mtandaoni yenye aina mia tatu za kijani!

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Kwenye jukwaa la wabunifu mtandaoni, mkongwe mmoja ametoboa siri. Anasema mteja hawezi kupokea kazi bila kurekebisha kitu, maana asiporekebisha anajiona kaibiwa. Kwa hiyo muwekee kosa moja kubwa, la wazi. Atalitoa, atafurahi, mengine yote atayaacha salama. Nimesoma nikapiga meza kwa furaha.

Mchana mzima nimetengeneza kosa. Jino lenye miguu. Viatu vyekundu, kofia ya majani, linatembea juu ya ukurasa toka kushoto kwenda kulia, likifika mwisho linageuka na kukonyeza jicho. Baya! Hata mimi limenitia hofu kidogo. Daktari mwenye shahada ukutani hawezi kuvumilia kitu hiki hata dakika moja. Nimeshusha pumzi. Kazi ni kama imekwisha.

Jumanne, 4 Machi

Haijaisha.

Nimekwenda kliniki na kompyuta yangu kwapani. Daktari ni mama wa makamo, mikono midogo, macho makali. Nikafungua ukurasa, ambao usiku nimeshauweka hewani badala ya ule wake wa zamani. Jino likaingia, likatembea, likakonyeza. Nikakaa tayari kusikitika kwa adabu.

Akacheka mpaka barakoa ikamshuka kidevuni. Akamwita muuguzi. Akamwita mama wa mapokezi. Mgonjwa mmoja naye akanyanyuka kitini na pamba mdomoni aje kuona. Daktari akasema jino hilo lisiguswe na mtu yeyote. Kisha akageukia vilivyobaki. Bluu hii imepauka. Maneno marefu mno. Na kwa nini uso wake pichani una vigae?

Vigae ni kosa la programu ya bure inayopunguza uzito wa picha. Nilimpunguza mara nne ili ukurasa ufunguke haraka. Unafunguka haraka kweli, ila huyo anayetokea hafanani na mtu. Nikamwambia ni mtindo mpya. Akasema yeye ni wa zamani, anataka pua yake.

Mwisho akauliza namba ya simu ya kliniki iko wapi. Nikamwonyesha: chini kabisa, herufi ndogo za kijivu. Nikamweleza kuhusu nafasi nyeupe, jinsi ukurasa unavyohitaji kupumua. Akasema siku ile ya kwanza aliniomba kitu kimoja. Nikamwambia nimekiandika. Nadhani nilikiandika. Daftari hilo sijui liko wapi.

Hata hivyo nimetoka na nafuu. Hakukataa. Amesema tuendelee, na asiyekataa amekubali nusu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata dawa! Ubao wa maoni! Ni huduma ya mtandaoni: unauweka ukurasa wako pale, unampa mteja linki, naye anabonyeza popote na kuandika anachotaka. Hakuna safari, hakuna kutazamana machoni. Nimemtumia Daktari linki saa tatu asubuhi, nikanyoosha miguu.

Profesa akacheka. Huyu ni jirani yangu wa meza kwenye chumba tunachopanga juu ya karakana ya baiskeli. Naye hutengeneza tovuti. Anajiita Profesa tangu alipotoa mhadhara mbele ya watu watano, wawili kati yao wakingoja mvua ikatike. Akaniambia nisimpe mteja ubao, eti ni kumpa mgeni funguo za nyumba. Nikamjibu kwamba wivu ni maradhi na yeye yuko mahututi.

Kufika saa sita: maoni kumi na moja. Saa kumi: sabini na manne. Kumbe Daktari ametoa linki kwa kila mtu! Mama wa mapokezi anataka picha yake ihamishwe isikae karibu na ya muuguzi. Muuguzi anauliza nani amemaliza sukari ya chai. Watu watatu wamekana, na mmoja amekana kabla hajatajwa. Mgonjwa mmoja ameandika kwamba jino la wiki iliyopita bado linauma, na anaonyesha kwa mshale kwenye picha isiyo yake. Mama mkwe wa Daktari anauliza mbona mkwe wake amekonda, au hali? Na mtu asiyejulikana ameliwekea jino langu mioyo kumi na minne.

Nimejibu yote kwa heshima mpaka vidole vikafa ganzi. Ili nisisahau mkakati wangu, nimejiandikia kikaratasi cha faragha pembeni ya ile bluu. Ubao una vikaratasi vyeupe na vya njano. Vyeupe ni vya wote, basi ni dhahiri vya njano ni vya mwenyewe. Nikaandika: "Daktari hajui rangi hata kidogo. Mwache aongee mpaka achoke. Mwishoni fanya utakavyo, hatagundua."

Roho imetulia. Mtu akishaandika mawazo yake hulala vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Njano si faragha.

Njano ni dharura! Njano hupelekwa kwa wote, papo hapo, na kengele juu! Nimegundua asubuhi nikiwa na mswaki mdomoni. Wa kwanza kujibu alikuwa mama mkwe. Ameuliza kama wazazi wangu wanajua naongea hivi kuhusu watu walionizidi umri. Muuguzi ameweka uso unaoshangaa. Mama wa mapokezi ameandika neno moja tu: "Haya." Mungu wangu, hilo "haya" limenikata maini!

Nimejaribu kufuta. Ubao ukasema kikaratasi cha dharura kikishasomwa hakifutiki. Nani alitengeneza kitu hiki? Hana mama?

Nikakaa chini nikafikiri. Uchafu ukishindwa kuufuta, ufunike. Nimewabuni wagonjwa sita na kuwafungulia akaunti. Baba wa Wanne. Bibi Mwenye Meno Yote. Mgonjwa Mwenye Furaha. Wengine wa namna hiyo. Nikawaandikisha sifa, nyingi, moja juu ya nyingine, mpaka kikaratasi cha njano kikazama chini kama jiwe. Bibi Mwenye Meno Yote ametokwa na machozi kwa uzuri wa bluu ile. Nikajipongeza.

Dakika kumi tu. Mama wa mapokezi akauliza, kwa upole kabisa, kama wagonjwa hawa sita ni mapacha. Nikatazama. Loh! Wote wamesajiliwa kwa barua pepe yangu, kwa hiyo wote wana picha yangu. Mimi sita, safu moja, nikitabasamu na shati lilelile la mistari.

Profesa amecheka mpaka wa karakana wakapanda kuuliza kuna nini. Akawaeleza. Akawaeleza vizuri, kwa mpangilio, kama mhadhara.

Saa nane Daktari akapiga simu. Sauti baridi. Nifike kesho saa mbili asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, na nije na ile barua ya kupokea kazi. Hakusema ataifanyia nini.

Nimerudi nyumbani nikakuta aproni kitandani. Nimeijaribu. Imenikaa kuliko suti yangu yoyote. Dada akasimama mlangoni akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kisha akaniletea chai bila kuombwa. Hiyo chai ndiyo iliyonitisha zaidi. Ninaogopa. Naandika wazi hapa kwa sababu hakuna ubao: kazi hii naipenda, na sijui kingine cha kujiita.

Ijumaa, 7 Machi

Ngoja nipumue kwanza.

Saa mbili kamili niko kliniki. Chumba cha matibabu kina viti viwili, chake chenye magurudumu na kile kikubwa cha mgonjwa. Akanionyesha kile kikubwa. Nikakaa. Akabonyeza kitu, kiti kikalala nami nikalala, kompyuta juu ya tumbo, taa machoni. Hivyo ndivyo tulivyofanya kikao.

Akanisomea kikaratasi changu cha njano, polepole, kwa sauti. Nikafungua kinywa kujitetea. Akaniambia nikiache wazi hivyohivyo. Akachungulia, akasema nina jino limetoboka upande wa kushoto, tutaliona siku nyingine.

Kisha akasema ni kweli, rangi hazijui. Ndiyo maana alimtafuta mtu anayezijua. Mgonjwa wake hamchagulii koleo. Lakini mgonjwa ndiye anayemwonyesha jino linalouma, na yeye hang'oi la jirani yake kwa sababu liko pazuri. Akasema siku ya kwanza alinionyesha jino. Watu wanaumwa, wanafungua ukurasa, hawaoni namba, wanakwenda kwa mwingine au wanakaa na maumivu. Nami nimemletea kofia, viatu, nafasi nyeupe na ukoo wa mapacha. Akamalizia kwamba jino la pembe si dawa ya pengo.

Mtu aliyelala chali hana hoja. Nikamuuliza kama naweza kurekebisha hapohapo. Akatazama saa ukutani. Mgonjwa wa kwanza: saa tatu kasorobo.

Sijawahi kufanya kazi namna ile. Namba juu kabisa, kubwa. Kitufe kimoja: bonyeza, simu inaita. Saa za kufungua chini yake. Njia ya kufika, mistari miwili. Bluu nikaikoleza. Picha yake nikaiweka ile nzito, pua na kila kitu. Jasho linatiririka mpaka masikioni, kwa jinsi nilivyolala. Nikaipandisha hewani, nikafumba macho.

Daktari anasoma. Mimi nasikia mfereji wa kutemea ukitiririka pembeni.

Ghafla simu ya mapokezi ikaita. Mama wa mapokezi akaitikia, akaongea, akaweka chini, akaja mlangoni. Akasema ni baba mmoja, mtoto wake hajalala kwa jino. Alikuwa anautazama ukurasa bila kuona pa kushika, mara namba ikamtokea hapo juu, kubwa, akabonyeza. Anakuja sasa hivi.

Daktari alichukua barua, akaiweka juu ya trei ya vyuma vyake, akatia sahihi. Kisha akabonyeza tena, kiti kikaninyanyua.

Nimelia. Sioni aibu. Nimelia barabarani mpaka muuza magazeti akaniuliza kama nimeng'olewa bila ganzi. Nimemkumbatia. Nimepona! Nimepona, jamani!

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamka mwepesi. Hata sufuria za dada zinapolia jikoni nasikia muziki.

Dada ameisoma barua ile mara tatu, mbele na nyuma, akanishika kichwa akanibusu kama nilipokuwa darasa la kwanza. Shemeji naye akashusha pumzi ndefu ambayo sikuitarajia. Akaniambia ukweli wake: tangu Jumatatu hapati usingizi. Kila akifumba macho ananiona juu ya ngazi, ndoo mkononi, na mteja chini yangu. Akanishika mkono kwa shukrani kabisa. Watu wana namna zao za kupenda.

Profesa amenipongeza kwa meno ya mbele. Nimempongeza kwa kunipongeza.

Nimekaa nikatafakari kilichonivusha, maana kazi bila mafunzo ni bure. Ni wazi kabisa. Ni jino! Daktari alilipenda tangu siku ya kwanza, mengine yalikuwa maneno tu. Alitaka kunitingisha kidogo, wateja ndivyo walivyo. Na ile simu, nani atabisha? Yule baba alivutwa na viatu vyekundu.

Habari zimeenea. Mchana amenipigia mwenye saluni, katumwa na Daktari mwenyewe. Amesema hataki mapambo. Anataka kitu kimoja: mteja afungue ukurasa, aweke miadi ya kusuka, basi. Amekirudia mara mbili. Nimemsikiliza kwa makini, nikimwitikia kila neno, huku nakiona tayari kichana chake. Kina miguu. Viatu vya dhahabu. Hiki kitaimba. Pa kuweka miadi nimepapangia mahali pazuri, chini kabisa, herufi ndogo, kijivu, ili ukurasa upumue.

Wakati wa chakula nimewaeleza wote mpango. Dada akauliza kama nina hakika. Nikamwambia kazi hii haiwezi kushindikana, na ikishindikana naapa mbele yao, Jumatatu yake nitakwenda dukani kwa miguu yangu mwenyewe, sihitaji kusukumwa na mtu.

Shemeji akaweka kijiko chini, akasema anakwenda kulala sasa, wakati usingizi bado upo.