Tundu Lenye Radi

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamka na hasira, na bado jua halijachomoza vizuri. Mwanangu Kidole ana mwaka na nusu, na kila tundu la nyumba hii kwake ni la kuingiza kidole. Leo nimemkuta kwenye kompyuta yangu. Matundu mawili ubavuni, mapacha kabisa, ila moja limechorwa radi. Radi! Kama ile ya kwenye nguzo za umeme, jirani na fuvu. Nimelibandika plasta papo hapo.

Nikachomeka diski ya nje kwenye tundu salama, nihariri video ya harusi. Mwenye ukumbi anaitaka Ijumaa. Akiipenda, harusi zote za pale ni zangu. Nikichelewa, ni za wifi yangu, anayehariri video nyumba ya pili na kuringa mtaa mzima.

Bibi harusi anaganda, anaruka. Anaganda, anaruka. Chura mwenye shela! Diski mbovu!

Jumanne, 4 Machi
Nimempigia fundi, nikamwambia kaniuzia konokono. Akasema diski haina kosa. Eti matundu yanafanana mdomo tu: la kawaida linapitisha nusu gigabiti kwa sekunde, lenye radi arobaini. Je, ninalo lenye radi? Nikamjibu kwa ukali kwamba radi nimeshaiziba, nina mtoto mdogo hapa. Akauliza, kama mtu anayeumwa kichwa, basi waya je, ni wa kuhamisha mafaili au wa kuchajia simu tu?

Waya! Wifi anao mzuri.

Jumatano, 5 Machi
Nimempeleka Kidole kumsalimu shangazi yake. Wifi anamrusha juu, mimi nachomoa waya wake na kuacha wangu wa kuchajia simu. Rangi ileile, mdomo uleule. Hajui kitu!

Nyumbani nikaukagua. Nao una radi! Huyu mwanamke atatuua. Nikaufunga plasta, nikauchomeka kwenye tundu salama.

Chura yuleyule.

Alhamisi, 6 Machi
Wifi kaja analalamika diski yake imekuwa kobe tangu jana. Nikampa pole ndefu. Nikamwambia ni hali ya hewa. Hapo Kidole akatokea na waya mdomoni, akamkabidhi, akasema, "Changaji!" Mara yake ya kwanza kutamka shangazi, na sikuweza hata kufurahi. Wifi akautazama, akasema kumbe siku hizi hali ya hewa inafungwa plasta.

Ijumaa, 7 Machi
Mwenye ukumbi kapiga: mchana huu, la sivyo kazi anampa wifi. Nimelia kwa hasira. Machozi yakamdondokea Kidole, naye akacheka.

Wifi akaingia bila hodi. Akasema hajaja kwa ajili yangu, kaja kwa ajili ya mtoto wa kaka yake. Akabandua plasta kwa ukucha, akachomeka waya wake. Bibi harusi akatembea. Taratibu, kama malkia! Video imefika, mwenye ukumbi kaipenda, kazi ni yangu. Wifi kaniachia waya na maneno: radi ni alama ya mbio, si ya kifo, shika hilo.

Jumapili, 9 Machi
Harusi mpya mezani. Kidole huyooo, kidole mbele, moja kwa moja kwenye radi.

Alama ya mbio! Rahisi kusema, hana mtoto yule.

Nimebandika plasta, safari hii tabaka mbili. Bwana harusi anaruka kama panzi. Kesho fundi atanitambua!