Kurasa Nane za Mwalimu Melkiori

Melkiori aliiona riziki yake kwenye harusi moja ya ughaibuni, mjini Euless, keki ikiwa bado haijakatwa. Kina mama saba walikuwa wamemzunguka mpiga picha, huyu akitaka apunguziwe tumbo, yule afutiwe shemeji aliyesimama nyuma. Mpiga picha akawaambia ku-edit ni kazi nyingine na ina bei nyingine. Melkiori, ambaye aliwahi kuuza tiketi za ndege isiyoruka, akaweka sahani chini. Jambo hili lilihitaji akili iliyotulia.

Kufika Jumatatu alikuwa mwalimu. Tangazo lake lilisema: Kozi ya Awali ya Kuhariri Picha kwa Kompyuta, Jumamosi kumi, ukumbi wa apartment za Irving, ukimaliza unafanyia kazi nyumbani, umevaa kaptura. Kuhariri picha alikuwa hajui, lakini hilo halikumsumbua, maana hakukusudia kufundisha. Silaha yake ilikuwa masharti. Alichukua mtandaoni kurasa nane za masharti ya chuo fulani, akazipitisha kwenye mashine ya kutafsiri, akasoma mbili za mwanzo na kuridhika kabisa. Ukichelewa dakika kumi, huingii. Ukikosa mara mbili, umeondolewa. Ada hairudishwi. Kwa watu wa zamu mbili, wanaoishi mji ambao barabara haziishi kufungwa, alikadiria kwamba baada ya mwezi atabaki na ada na viti vitupu.

Walijiandikisha kumi na wanne. Wa kwanza alikuwa Ambilikile, pande la mtu anayepakia mizigo uwanja wa ndege, ambaye tayari alishaanza kujiita mhariri. Wa mwisho alikuwa Clarisse, Mkongomani mpole wa Garland. Kazi ya ghala ilikuwa imemmaliza mgongo, na ada aliilipa kwa overtime ya miezi miwili.

"Mwalimu," Clarisse alimwambia, "kwetu ku église, ku kanisa, iko imprimante. Unitumie masharti, nita-print ya watu wote."

"Ubarikiwe, dada," alijibu Melkiori, aliyependa sana gharama zibebwe na wengine. Akamtumia kurasa zote kama picha, "ili mtu asije akabadilisha neno."

Jumamosi ya kwanza karatasi ziligawiwa, wanafunzi wakatia sahihi, na mwalimu akatia yake kwa mbwembwe kwenye nakala zote. Waliochelewa walifungiwa nje. Waliobaki walifundishwa kuwasha laptop. Jumamosi ya pili walifundishwa kuizima. Ya tatu, mwalimu alikuwa katikati ya hotuba ndefu juu ya nidhamu Clarisse aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, na ukurasa wa sita?"

"Una nini?"

Ambilikile akausoma kwa sauti, taratibu. "Mwalimu asipofundisha picha Jumamosi mbili, atarudisha ada yote siku hiyo, hata ya walioondolewa, na laptop yake itabaki kwa wanafunzi."

"Hiyo haikuwepo!" Melkiori aliruka. "Karatasi imechezewa!"

"Wapi?" Ambilikile akasimama, na mlango ukawa hauonekani tena. "Mtaalamu ni wewe. Tuonyeshe."

Melkiori akaipeleka karatasi dirishani. Akakagua herufi, akakagua mistari, akaigeuza nyuma. Alitamani kuitazama nakala yake kwenye simu, ila alishaifuta, kama alivyozoea kufuta kila kitu kinachoweza kufika mahakamani. Darasa likamsubiri kwa utulivu ambao mwalimu yeyote angeuonea fahari. Akisema imechezewa lakini haoni wapi, atakuwa amekiri kwamba hajui kazi. Na akishakiri, mlangoni atapitaje?

"Kwa utaalamu wangu," alisema mwishowe, "hii karatasi haijaguswa."

"Basi tumekusikia," alisema Ambilikile.

Melkiori akarudisha ada kwa simu, jina baada ya jina, wao wakimsimamia. Kisha akatoka mikono mitupu, bila kuaga.

Clarisse akaenda mbele, akakaa kwenye kiti cha mwalimu na kuifungua laptop.

"Bon. Nilifanyaka kazi miaka sita mu studio ya photo kule Bukavu," alisema. "Nilitafuta tu cheti, sababu hapa bila cheti hawakuite ku kazi. Ila masharti yake yote ilikuwa inafunga sisi tu." Akaweka ukurasa wa sita kwenye skrini mara mbili, kushoto ule aliotumiwa na Melkiori, kulia wa kwake. "Sasa muangalie muzuri vile nilitia huu mustari."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Ambilikile peke yake hakucheka. Alivuta kiti hadi mbele kabisa, akatoa kalamu.

"Polepole, mwalimu," alisema. "Anzia mwanzo."