Seng'enge ya Muriithi na Moyo wa Jirani

Jumatatu, 14 Machi 1988. Giakanja.
Ng'ombe wa Nderitu amekula kabichi zangu tena. Safu nzima ya mpakani. Nilimweleza jirani kwa upole. Akajibu ati kabichi zangu ndizo zinazomwita ng'ombe wake. Kisha akafungua shati kunionyesha kovu, chini kidogo ya bega. Amerudi juzi kutoka Nairobi, amewekewa kimashine cha kuuendesha moyo. Tangu hapo watu wanamiminika kwake na maziwa na mayai. Hata mke wangu Kagure amempelekea jogoo. Jogoo wangu.

Jumanne, 15 Machi.
Nyeri mjini, kwa Athman, anayeuza vyombo vikuukuu vya mashamba makubwa ya Nanyuki. Nimenunua kisanduku kinachochukua nguvu ya betri ya gari na kuitia kwenye seng'enge. Athman alisema kinamshtua ng'ombe, hakimuui. Akauliza kama pale nyumbani kuna mgonjwa wa moyo. Nikamwambia moyo wangu ni mzima kabisa. Jioni nimefunga waya. Nimeujaribu kwa kidole. Mkono umekufa ganzi hadi kwenye kiwiko. Nimeridhika sana.

Jumatano, 16 Machi.
Ng'ombe hakugusa waya. Nderitu ndiye aliyeugusa.
Alikuwa akiniletea miche ya kabichi, fidia ya zile zilizoliwa. Aliegemea waya ili anipitishie.
Akasema polepole, "Muriithi, hii waya yako iko na nini?" Kisha akaanguka.
Kagure akatoka jikoni mbio akinipigia kelele. "Baba Watiri, toa hiyo betri! Huyu mzee alikatazwa stima!"
Sikulijua hilo. Sikuwa nimeuliza. Nikang'oa betri. Kingori, seremala wa kijijini, akaleta pikapu yake tukampakia Nderitu nyuma. Njia nzima hadi hospitali nilimshika kifundo cha mkono nikisikiliza mshipa. Kila pigo nilidhani ni la mwisho. Nilimwahidi Mungu kabichi zote, hata zile ambazo hazijafunga.

Alhamisi, 17 Machi.
Yu hai.
Daktari ameeleza. Kile kimashine huusikiliza moyo. Umeme wa nje ukiingia, kinaweza kudhani ni moyo wenyewe unaopiga, basi kinanyamaza. Kwa mtu anayekitegemea, kunyamaza huko kunaweza kuwa kifo. Cha Nderitu kilirudia kazi yake mara tu alipouachia waya. Wamekipima, kiko sawa.
Nilitoka nje nikalia nyuma ya kamba za kuanikia mashuka. Niliporudi, Nderitu aliuliza ng'ombe wake anakamuliwa na nani. Nikamwambia ni mimi. Akasema basi nisimvute kwa nguvu.

Jumamosi, 19 Machi.
Nderitu yuko nyumbani. Amenisamehe mbele ya watu, huku akila jogoo wangu. Nimeng'oa waya wote. Kisanduku nimemrudishia Athman. Kifua changu kimekuwa chepesi kama gunia tupu.

Jumapili, 20 Machi.
Tumetoka kanisani tukamkuta ng'ombe katikati ya kabichi. Sikukasirika. Mimi sasa ni mtu mwingine. Umeme sitaugusa tena maishani.
Nimeagiza mizinga sita ya nyuki kwa Kingori. Nitaitundika mpakani kote, milango ikitazama kwa Nderitu.
Kagure ameniuliza kama nimeufikiria moyo wa mzee wa watu. Nimeufikiria sana. Nyuki hawana umeme.