Kanda Kumi Bora za Mwalimu Machibya

Jumanne, 1 Agosti 1995

Ushindi! Maximiliana amekubali. Orodha yangu imebandikwa ukutani kwenye duka lake la kanda za video, hapa Bariadi mjini, mahali ambapo hata mtu wa baiskeli anaisoma bila kushuka. Nimeiandika kwa wino: "Kanda Kumi Bora za Kutazama Nyumbani na Familia. Zimependekezwa na Mwl. J. Machibya, Mwalimu Mkuu Mstaafu." Kila kanda ina mstari mmoja wa maelezo.

Nieleze kidogo, kwa faida ya atakayesoma shajara hii nikiwa sipo. Miaka kumi iliyopita tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni. Sasa pamba inanunuliwa na watu binafsi, maduka yamejaa, na mkulima wa Dutwa akishauza mavuno anarudi kwake na televisheni imefungwa nyuma ya baiskeli kama mtoto mgonjwa. Matangazo ya televisheni hayatufikii. Kwa hiyo ni kanda tu. Na mwenye kuazima kanda anahitaji mshauri.

Je, nimezitazama zote kumi? Hapana. Kwa kweli hata moja sijaimaliza. Usingizi hunichukua wakati majina ya wachezaji bado yanapita. Felisita, mke wangu, hubaki macho. Husema anaihurumia jenereta kunguruma bure. Lakini mimi nimefundisha miaka thelathini na minne. Mwalimu mzoefu huangalia jalada tu, akajua yaliyomo.

Jumatano, 2 Agosti

Maafa. Renatus Magese amebandika orodha yake kando ya yangu!

Nieleze. Zamani Renatus alizunguka vijijini na gari la sinema la serikali. Watu wakitazama, yeye alishika kipaza sauti na kutafsiri. Hajui Kiingereza. Hajui Kihindi. Alitafsiri zote. Tangu hapo anajiita mtu wa filamu.

Orodha yake haina hata sentensi moja kamili. Inataja namba za kanda za dukani na ng'ombe tu. "Namba 14: ng'ombe wengi. Namba 22: ng'ombe wachache, farasi wapo. Namba 9: hakuna ng'ombe, msijisumbue."

Kufika saa sita mchana, watu watano walikuwa wanaigombania Namba 14. Orodha yangu imesomwa na mtu mmoja. Aliuliza kama ni tangazo la msiba.

Maximiliana akaniambia nisinune, ukuta ni mpana. Nikamwambia sinuni, natafakari. Renatus akasema kumbe nikitafakari mdomo huwa mrefu hivyo.

Nimepata mpango. Jumamosi wakwe watarajiwa wanakuja kutoka Malampaka kuzungumza mahari ya Wema, binti yetu wa mwisho. Nitawaonyesha kanda ya kwanza kwenye orodha yangu, ile tunayoiita Sari Nyekundu kwa sababu hakuna anayeweza kusoma jina lake. Wataitazama, watalainika, watakubali, na watasimulia njia nzima mpaka kwao. Mahari itapatikana na orodha itaheshimika. Renatus atabaki na ng'ombe wake wa kwenye kioo.

Alhamisi, 3 Agosti

Upinzani nyumbani. Wema anasema yeye na Method wamesubiri miaka miwili tangu Method apate kazi ya stesheni ya reli. Anaomba wazee wazungumze, wale, waondoke. Baba, tafadhali, bila filamu. Ameisema "tafadhali" mara tatu. Nimemweleza faida za elimu kwa njia ya picha. Alipofumba macho nilidhani anatafakari.

Felisita ameuliza kama nimeitazama hiyo kanda. Nimejibu kwamba nimeichunguza. Jalada linajieleza: bibi harusi ndani ya sari nyekundu, pembeni mzee analia, nyuma yao mkokoteni uliojaa mali. Kwenye orodha nimeandika: "Baba analia kwa furaha. Mafunzo mengi kwa wanaotaka kuoana." Nini zaidi?

Akasema basi nichukue na kanda ya pili, kwa kuwa filamu yenyewe ina kanda mbili. Nimekataa. Hakuna mzee wa heshima atakayekaa kanda mbili. Jioni nimeiona hiyo kanda ya pili kwenye kikapu chake, chini ya nyanya. Sijui kwa nini wanawake hupenda mizigo.

Ijumaa, 4 Agosti

Jenereta yetu imekufa. Imekohoa mara moja, ikatoa moshi, kimya. Mtaa mzima jenereta nzima ni moja. Ya nani? Ya Renatus.

Nimekwenda. Nimejishusha. Nimemwita Bwana Magese. Akasema atanipa, tena kwa moyo mmoja, ila aje nayo mwenyewe na atafsiri filamu mbele ya wageni. Nikasema filamu yangu haihitaji mkalimani. Akasema na jenereta yake haihitaji kutoka ndani.

Nimerudi kumweleza Felisita kwa nini haiwezekani. Kumbe ameshakubali. Renatus alikuwa amepita uani kumsalimia kabla sijafika.

Jumamosi, 5 Agosti

Naandika kabla jua halijazama. Niende hatua kwa hatua.

Wageni waliwasili saa nne asubuhi. Mzee Mashimba, baba yake Method: mrefu, kofia ya pama, fimbo nyeusi. Wazee wawili pamoja naye. Tukasalimiana Kisukuma: mwangaluka, mwangaluka, habari za mvua, habari za mifugo. Tukakaa.

Nieleze, maana vijana watasahau. Kwetu ng'ombe wa mahari hawaji siku ya mazungumzo. Huwekwa vijiti mkekani, kila kijiti ng'ombe mmoja. Upande wa binti unaongeza, upande wa kijana unapunguza, mpaka mikono itulie. Tukaweka kumi na nane. Mashimba akapunguza hadi kumi. Nikasema binti amesoma. Akasema hilo anaheshimu, ila ng'ombe wake hawakusoma, hawawezi kuona tofauti. Tukakwama hapo kwenye kumi hadi chakula.

Baada ya wali na kuku, nikatundika mablanketi madirishani. Deki ikawashwa. Wanawake wakakaa upande wa mlango wa jikoni. Renatus akasimama kando ya televisheni, akakohoa, akatoa ile sauti yake ya gari la sinema, ingawa chumba kina hatua tano tu.

Kwa mara ya kwanza sikulala. Nani angelala na kelele ile?

Filamu ikaenda. Mzee wa kwenye jalada akauza shamba. Akapakia mkokoteni: vitambaa, masufuria, sanduku la bati. Nyuma ya mkokoteni akafunga dume jeupe lenye nundu kubwa, pembe zimepakwa rangi. Akaelekea nyumba ya pili huku analia. Renatus akapaza sauti: "Huyu ni baba wa kijana! Anapeleka mahari! Anampenda mkwewe mpaka machozi yanamtoka!"

Mzee Mashimba akasogeza kiti. Aliposogea lile dume, akainua fimbo na kuomba picha isimamishwe. Wazee wote watatu wakaenda mpaka kwenye kioo. Mmoja akalipapasa nundu. Wakasema huyo si ng'ombe, huyo ni nzagamba hasa, dume la kuongoza zizi. Mashimba akasema anayetoa mnyama kama huyo kwa ajili ya mwanawe ni mwanamume. Akarudi kwenye mkeka, akaongeza kijiti. Kumi na moja. Picha ikaendelea. Kumi na mbili. Mzee wa filamu akapangusa machozi kwa kilemba. Mashimba akapangusa yake kwa kofia. Kumi na tatu. Kumi na nne!

Felisita alikuwa anatabasamu mlangoni. Wema alikuwa nyuma yake, mikono kifuani.

Ningefurahi. Lakini Renatus alikuwa amekosea!

Miaka thelathini na minne mbele ya ubao. Kosa likikaa mbele yangu, siwezi kutulia. Nikasimama. Nikaomba radhi kwa niaba ya mtafsiri. Nikaeleza kwamba huyo mzee ni baba wa binti, siyo wa kijana. Kwamba katika nchi ile, kwa desturi yao, upande wa binti ndio unaotoa mali. Kwamba jambo hili limeandikwa vitabuni. Felisita alikohoa. Nikaeleza tofauti ya mikoa. Felisita alikohoa tena. Nikaeleza chanzo chake kihistoria. Jikoni sinia lilianguka.

Wazee wakageuka kuniangalia.

Mzee Mashimba aliomba nirudie. Nikarudia kwa furaha. Si kila siku unapata msikilizaji makini. Akauliza kama hii ndiyo filamu iliyobandikwa ukutani mjini, ambayo ina mafunzo mengi kwa wanaotaka kuoana. Nikasema ndiyo, namba moja. Akauliza, kwa mwandiko wangu? Nikasema kwa wino.

Akaanza kuondoa vijiti. Polepole, kama mtu anayechambua mchele. Kumi. Saba. Tano. Alipofika vitatu akaangalia uani kupitia pembe ya blanketi.

"Na dume lako, Mwalimu, umelifunga wapi? Maana sisi mkokoteni tumeuacha Malampaka."

Wazee wake walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Renatus alicheka kuliko wageni.

Kisha Mashimba akavaa kofia. Akasema kwa upole kwamba hawezi kubishana na mwalimu. Aliyofundishwa leo ni makubwa, anahitaji kwenda nayo nyumbani. Labda tuonane baada ya mavuno mengine.

Mavuno mengine! Nikamwona Wema. Hakulia. Alikuwa anaokota vijiko sakafuni, kimoja kimoja, na kile kimoja alikiokota mara mbili. Hapo nikatafuta neno la kueleza, sikulipata. Naliandika hili kwa sababu halijawahi kutokea.

Felisita akaingia. Akapiga magoti kwa heshima mbele ya mgeni.

"Baba Method, umesema kweli. Tufuate filamu. Ila mgeni wetu haondoki katikati. Hii ni kanda ya kwanza."

Akatoa ya pili kutoka kwenye kikapu.

Mashimba akakaa, kofia kichwani. Renatus akakohoa tayari kuanza. Felisita akamwambia, shemeji, leo pumzika. Akatafsiri mwenyewe, kwa sauti ya chini, na kila neno alilisema kabla mchezaji hajafungua mdomo.

Baba wa kijana, aliyepokea mali, amekaa kwenye kiti kikubwa anagonga masufuria kusikia kama ni mazito. Anamdharau mkwewe. Anasema vitambaa ni vyepesi. Kijiji kinamcheka, yeye hajui. Ndipo kijana anasimama. Hapigi kelele. Anapakia kila kitu kwenye mkokoteni, anafunga lile dume nyuma, anamshika mkewe mkono, anarudisha yote kwa yule mzee aliyelia. Anabaki huko. Anamwita yeye baba. Mwisho wa filamu, baba mzazi yuko peke yake kwenye kiti kikubwa, anaita maji ya kunywa. Hakuna wa kumletea.

Mashimba akageuza kiti kutoka kwenye kioo. Akauliza Method leo yuko wapi. Akajibiwa yuko zamu, stesheni. Akauliza kutoka stesheni hadi hapa kwetu ni mbali kiasi gani. Nikasimama kueleza njia. Felisita akaniangalia. Nikakaa.

Mzee akavua kofia. Akaweka kijiti. Kingine. Kingine. Wema alikuwa anahesabu kwa midomo. Vilipofika kumi na tano, mkono ukatulia. Kisha akachagua kimoja kirefu kuliko vyote, akakilaza juu ya rundo.

"Huyu ni nzagamba. Wa mama huyu. Na Method akija hapa, aje kusalimia tu, jioni arudi kwao!"

Vigelegele! Wema akamkumbatia mama yake mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka. Renatus alicheza uani kuizunguka jenereta. Hata mimi nimecheza. Goti linauma.

Jumapili, 6 Agosti

Kanisani watu wote wamempongeza Felisita. Mimi nimeulizwa kama dume langu limepatikana. Mara tisa.

Baada ya misa Maximiliana alimwomba Felisita ataje kanda zake nzuri. Akataja sita papo hapo huku anachagua dagaa, na mwisho wa kila moja anaujua. Orodha mpya imebandikwa: "Kanda za Mama Wema." Yangu imeshushwa hadi usawa wa mbuzi. Mbuzi amekula kona moja.

Jumatatu, 7 Agosti

Nimetafakari kwa utulivu. Jambo liko wazi. Bila maelezo yangu, wageni wangetosheka na kanda ya kwanza, tena kwa vijiti kumi na vinne tu. Nilipoeleza, ikabidi kanda ya pili. Kanda ya pili ikaleta kumi na sita. Kwa hiyo ni maelezo yangu yaliyoongeza ng'ombe wawili, mmoja wao dume. Nimemweleza Felisita hesabu hii. Alikuwa anasuka mkeka. Amekubali kwa kichwa, au labda alikuwa anaangalia mstari wa ukindu.

Harusi ni Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Wageni wa Malampaka watalala kwetu na watahitaji burudani. Nimeshachagua filamu. Sijaitazama, hakuna haja. Jalada ni zuri ajabu: bibi harusi anakimbia barabarani, viatu mkononi, na nyuma yake ukoo mzima umeinua mikono kumpungia. Bila shaka anawahi sherehe. Nimeiandika namba moja kwenye orodha yangu mpya, kwa wino: "Furaha tupu. Yafaa kutazamwa na wakwe wa pande zote mbili."

Felisita ameuliza kama ina kanda ya pili. Nimehakikisha kwa Maximiliana. Ilikuwapo, ikapotea zamani.

Afadhali. Kikapu kitabaki chepesi.